Kioo cha Mlango wa Dereva

Mume wangu aliahidi mbele ya wakwe, na yeye akishaahidi mbele ya watu basi imekwisha. Alisema binti yetu mkubwa hatateremka ziwani juu ya lori kama gunia la kahawa. Atateremka ndani ya gari la Pijo, vioo vimepandishwa, gauni lake likiwa jeupe vilevile lilivyotoka dukani, na atakayeendesha ni baba yake mzazi. Wakwe walikuwa watu wa Lipingo, wavuvi na wakulima wa mihogo, Waanglikana wa kucheka kwa sauti. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wao, nikasikia makofi, nikajiuliza: Pijo gani? Hilo lililo juu ya mawe?

Maana Pijo lenyewe, jamani, lilikuwa nyuma ya nyumba juu ya mawe, halina hata kioo kimoja cha mlango. Kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma. Zamani lilikuwa gari la bwana mkubwa wa ushirika wa kahawa, na mume wangu ndiye aliyekuwa dereva wake tangu ujana. Ulipoingia wakati wa soko huria, wanunuzi binafsi wakaja Mbinga na magari yao yanayong'aa, wakanunua kahawa hadi mlangoni kwa mtu. Ushirika ukayumba. Madereva wakaambiwa asanteni, nendeni nyumbani. Vile vitu chakavu vilivyobaki uani wakaachiwa wachague. Mwenzake mmoja alichukua mabati, mwingine meza ya ofisini. Watu wenye akili. Wangu akachagua gari lililokuwa limeota majani mpaka kwenye usukani.

Lilivutwa na trekta hadi nyumbani. Yeye amekaa ndani, ameshika usukani, anapungia watu mkono barabara nzima. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini sitamnyima haki yake. Alilifufua. Siku hizo kila kitu kilikuwa kimeanza kupatikana. Sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni tukaona maduka yamejaa sabuni za kila rangi, na spea za magari nazo zikaja. Kidogo kidogo injini ikawaka, breki zikashika, mabati yakazibwa na kupakwa rangi ya maziwa. Kila alipopiga gari moto pale uani nilikuwa napiga kelele kwamba moshi unaingia kwenye kahawa niliyoanika, na moyoni nafurahi. Mwanaume aliyefukuzwa kazi akapata cha kushika asubuhi si haba. Wengine walishika chupa.

Mpaka siku ile ya ahadi, kilichokuwa kimebaki ni kulishusha kwenye mawe na kulitia vioo vya milango tu. Na mtu ambaye hajapita barabara ya kwetu mwezi wa nane hawezi kuelewa kwa nini vioo vilikuwa jambo kubwa. Vumbi lile ni jekundu na ni laini, linaingia hata kwenye mayai. Toka Mbinga mpaka Tingi unalila, ukianza kuteremka mlima kwenda ziwani unalila zaidi, na kona zenyewe upande mmoja ni ukuta na upande mwingine ni hewa tupu. Nimewahi kuona bibi harusi ameshuka kwenye lori huko chini, mama mkwe anauliza yuko wapi. Mume wangu alisema kwa binti yake hilo halitatokea.

Vioo vililetwa na basi kutoka Dar es Salaam, vimefungwa blanketi ndani ya gunia. Ndugu yake ndiye aliyevitafuta huko na kuvituma. Basi lile lilikuwa halifiki kwetu siku hiyo, kwa hiyo binti akaenda kuupokea mzigo Kitai. Akarudi nao ameupakata mapajani njia nzima, hataki mtu ausogelee. Nikamwambia huo ndio mtoto wako wa kwanza. Akacheka. Alikuwa binti wa kucheka sana mpaka mwaka ule.

Sijawahi kushangaa kama siku nilipoona mlango wa gari ukivuliwa. Mimi nilidhani mlango ni bati na kioo, basi. Mume wangu akachomoa hendeli ile ya kupandishia kioo, akabandua kadibodi la ndani, na loo! Kumbe mle ndani ni tumbo kabisa, lina mkono wa chuma unaopanda na kushuka, lina vigurudumu, na tundu ambalo mkono wa mtu mzima unapita kwa kulazimisha. Kioo kinaingizwa kutoka juu, kimelazwa upande, kinashushwa polepole mpaka kinazama chote kwenye bati. Halafu fundi anachomeka mkono tunduni mpaka kiwiko, anakitafuta kile kigurudumu, anakiingiza kwenye reli iliyoko chini ya kioo. Hapo huoni kitu. Mkono wako mwenyewe ndio umeziba tundu.

"Hapa macho hayana kazi," aliniambia. "Hata fundi wa Ulaya, dirisha la mlango analifunga kwa vidole."

Na kweli alikuwa amegeuza uso kabisa, anaelekea migombani, huku vidole vinahangaika ndani ya mlango. Kazi yangu mimi ilikuwa kukishika kioo kwa juu na kukishusha anaposema shusha. Tuligombana, hiyo nayo niseme.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia! Unataka nishikilie na meno?"

"Kipandishe kidogo. Kidogo, mama! Huchoti maji kisimani."

"Basi mwite mwingine akushikie."

Kile cha kwanza kilinichomoka. Kikaanguka ndani ya mlango na kishindo, nikapiga yowe mpaka jirani akatoka na jembe. Mume wangu hakushtuka. Akaingiza mkono, akapapasa, akacheka: alikuwa ametandika matambara kule chini mapema, kwa sababu alikuwa ananijua. Zile reli za pembeni ambamo kioo kinateleza, kitambaa chake kilikuwa kimeliwa na panya. Binti akakata vipande vyembamba vya blanketi la zamani, wakavipaka gundi wakavibandika. Wawili hao walikuwa hawaachani. Baba akienda dukani, wako wote. Akienda kanisani, kamshika mkono. Nilijua ni kwa kuwa binti anaondoka, na nilikuwa na wivu kidogo, kwa sababu mimi ndiye niliyemzaa na hakuna aliyekuwa ananishika mkono.

Vioo vitatu tulifunga pamoja. Kile cha nne, cha mlango wa dereva, alikifunga peke yake. Ilikuwa siku moja kabla ya harusi, na mimi nilikwenda kwa dada yangu kuangalia pombe ya wageni. Niliporudi jua lilikuwa bado lipo juu. Nikapita nyuma ya nyumba, nikakuta mlango wa dereva umekamilika, kadibodi limerudishwa, hendeli ipo, na kioo kimepandishwa mpaka mwisho.

Cheusi. Cheusi tii, kama sufuria la msibani.

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa nimesikia kwamba huko mjini watu wenye fedha zao wameanza kupaka vioo vya magari weusi ili wasionekane. Nikajua ndugu yake amekipata kwenye gari la mmoja wa hao, na mzee wangu naye kakipenda, kakiweka upande wake ili ateremke Lipingo kama waziri.

"Ehe!" nikamwambia. "Kumbe na wewe umeingia mambo ya mjini!"

Akafurahi. Alikuwa anafuta grisi vidoleni. "Ingia ndani uone," akasema.

Nikazunguka, nikaingia upande wa abiria. Yeye akakaa kwenye usukani, akazungusha hendeli, kioo kikashuka bila hata kulia. Akazungusha tena, kikapanda, kikaingia kwenye reli yake ya blanketi, kikatulia. Ukweli kazi ilikuwa nzuri. Akakipiga kwa ukucha, ti, ti.

"Hiki ndicho kisafi kuliko vyote," akasema. "Angalia nje. Naona mpaka msalaba wa kanisa."

Nikaangalia. Kwenye kile kioo nilijiona mimi, na kilemba changu, na sikio la mume wangu. Nikamgeukia nione anavyocheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa ametulia, ameelekeza uso kwenye ule weusi, anatabasamu kama mtu anayetazama shamba lake limezaa.

Sijui ni nini kilichonituma, lakini nilimsogelea nikamtolea ulimi. Mwanamke mzima, mama wa bibi harusi, nimetoa ulimi wote karibu na pua ya mume wangu. Yeye akaendelea kunieleza kwamba kesho tukifika ile kona ya kwanza unapoliona ziwa, atasimamisha gari ili binti aangalie.

Yesu na Maria.

"Baba," nikasema. "Hicho kioo ni cheusi."

"Cheusi vipi?"

"Cheusi. Kimepakwa rangi. Hakionyeshi kitu. Huko nje huoni kanisa, huoni mbuzi, huoni hata shetani."

Akainua mkono, akakipapasa kile kioo kwa kiganja, juu, chini, pembeni. Ni laini, ni kioo kama vile vingine. Mkono ukateremka wenyewe ukakaa kwenye goti.

"Ala," akasema. Halafu akasema, "Usimwambie mtu."

Mimi nilishindwa hata kulia. Nilikuwa nalala na mtu huyu. Nilikuwa nampakulia, namfulia, namsema asubuhi mpaka jioni, na sikujua. Nilimuuliza tangu lini. Akasema upande mmoja ulianza kufifia tangu yuko ushirika, na ule mwingine ulifuata mwaka uliopita. Ile safari aliyoniaga kwamba anakwenda kutafuta vifaa vya breki, alikwenda hospitali ya misheni. Huko wakamwambia ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Akarudi, na vifaa vya breki alivileta kweli. Nakumbuka nilimgombeza kwa sababu alisahau chumvi.

Mtaniuliza, mke gani huyu asiyeona? Basi nielezeni nyinyi. Kwetu nani anamfikia mtu mzima kimyakimya? Mtoto akiwa bado yuko mbali ameshapaza sauti, shikamoo baba. Jirani anapiga hodi toka njiani, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za kahawa, na mpaka anafika karibu ameshasema maneno mia. Mume wangu alikuwa anamjua kila mtu kwa sauti, anamjibu, anamtania. Usiku taa ni koroboi moja, sote tunapapasa. Gazeti aliacha kusoma, akasema tangu vyama viwe vingi limejaa uongo, nikaona ana hoja. Na kazi aliyokuwa anaifanya mchana kutwa ilikuwa kazi ya vidole ndani ya bati, kazi ambayo fundi mwenye macho mazima naye anaifanya ametazama kando.

"Sasa kesho nani anaendesha?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Wewe na macho ya nani?"

"Barabara ile naijua. Nimeipita ujana wangu wote. Nimeipita kwenye ukungu mtu haoni hata boneti."

"Ukungu unapita, mwanaume! Huu wako haupiti!"

"Naona mwanga. Naona penye giza na penye mwanga."

"Na kule korongoni ni giza au ni mwanga?"

Nilisikia taya zake zinavyosaga. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba ameshavuliwa kazi na watu wote wanajua, nisimvue na hiki. Niache mara hii moja amfikishe mtoto wake, baada ya hapo gari lirudi kwenye mawe na kuku warudi.

Nikatoka mle ndani. Nikamtafuta binti. Alikuwa chumbani anasukwa na shangazi zake, nikamtoa nje huku nusu ya kichwa bado haijasukwa, nikampeleka nyuma ya vichanja vya kahawa. Nikamwambia baba yako haoni. Nilisema huku nimemshika, kwa sababu nilijua ataanguka.

Hakuanguka. Alinitazama kwa huruma.

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Mimi ndiye nitakayekaa mbele. Nikimgusa goti la kulia anakata kulia, nikimgusa la kushoto anakata kushoto. Nikilibana anafunga breki. Tumeshazoea. Ukienda jumuiya huwa tunatoka na gari kwenye njia ya shamba, tunafika mpaka mtoni tunarudi."

Kumbe gari lilikuwa linatoka! Mimi niko jumuiya nasali rozari, na mume wangu kipofu anaendesha gari kando ya mashamba ya watu na mwanangu amemshika goti!

"Na mtandio usoni?" nikamuuliza. Kwetu bibi harusi anafunikwa toka nyumbani mpaka anapopokelewa, na njia nzima haongei.

"Ni mwepesi, naona vizuri. Tena kuongea hakuhitajiki. Ndiyo maana tulichagua goti."

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Nikaushusha, maana ni nani anampiga bibi harusi? Nikamuuliza ana wazimu, na yule kijana wa watu anayemsubiri kule ufukweni ana kosa gani. Akasema, "Baba hajawahi kuniomba kitu. Aliponiomba hiki nikasemaje?"

Kukicha nilikuwa sijafumba jicho. Nilifikiri kuchomoa kitu kwenye injini. Ningechomoa nini? Yule mtu akiisikia injini inakohoa tu, vidole vinakwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa. Nilifikiri kuwaambia kaka zake. Wangemtoa kwenye usukani kwa mikono, mbele ya wakwe waliokuja kumchukua binti, na mume wangu nilikuwa namjua, asingeinua tena kichwa. Nilifikiri pia kunyamaza, niseme wazi, kwa sababu alikuwa amenyoa ndevu mwenyewe alfajiri hiyo na kuvaa suti yake, na alikuwa anapiga mluzi.

Asubuhi uwanja ulijaa. Lori la mnunuzi wa kahawa lilikuwa limekodiwa kubeba watu na ngoma, na lenyewe lilikuwa bovu, mlango wa abiria hauna kioo. Pijo limeoshwa linang'aa. Wengine walikuwa wamekiona kioo cheusi wanasifu, wanasema mzee amekuwa wa kisasa. Yeye mwenyewe alikuwa amekishusha chote kwenye mlango, kisionekane. Binti akaingia mbele, mtandio usoni. Shangazi zake wakanong'ona, bibi harusi gani anakaa mbele? Mume wangu akapiga gari moto. Likawaka mara moja, likawa linanguruma vizuri, watu wakapiga vigelegele.

Hapo ndipo nikaenda kwenye lori nikawateremsha wadogo wa binti. Nikawaleta mpaka kwenye Pijo, nikafungua mlango wa nyuma.

"Ingieni," nikasema. "Mmoja mmoja. Msalimieni baba yenu."

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema. "Nani? Wewe? Si unapanda lori?"

"Mama kasema tupande huku."

Nikamwingiza na wa pili. "Shikamoo baba." Nikamwingiza na wa tatu, yule mwenye kifua, anakohoa. Mume wangu akaligeuza sikio kule kikohozi kilikotoka. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani.

"Mama watoto," akasema polepole. "Hawa wapande lori."

"Kwa nini?" nikasema kwa sauti, watu wote wasikie. "Gari si lako? Dereva si wewe? Watoto si wako? Kwa nini wale vumbi?"

Nikamchukua kitinda mimba mgongoni kwangu. Alikuwa hajajua kusema shikamoo sawasawa. Nikampitisha dirishani kwa baba yake, nikamkalisha kwenye mapaja yake mwenyewe, katikati ya tumbo lake na usukani. Mtoto akashika usukani kwa mikono miwili, akasema "buu, buu." Kisha nikazunguka, nikaingia nyuma, nikafunga mlango. Mbele yangu mwanangu alikuwa amekaa wima ndani ya mtandio, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye goti la baba yake.

Sikuwa natishia. Nilishaamua kwamba akiliondoa gari tunakwenda wote, na kama ni korongoni ni wote, asibaki mmoja wa kuulizwa.

Akaingiza gia.

Gari likasogea. Mungu wangu, likasogea! Magurudumu yakapita juu ya yale majani ya migomba tuliyotandika, watu wakashangilia, ngoma ikaanza. Nikafumba macho. Nikamsikia kitinda mimba anacheka. Halafu nikasikia kimya. Injini ilikuwa imezimwa.

Nilipofumbua macho mume wangu alikuwa ameinamisha uso kwenye nywele za mtoto.

"Limekataa," akasema.

Dereva wa lori akaja. Alikuwa mwenzake wa zamani wa ushirika, na hakuna dereva aliyesikia injini ile asubuhi ile akaamini kwamba imekataa. Akainama dirishani. "Limekataa, mzee?"

"Limekataa."

Yule bwana akanitazama. Mimi nikatazama chini. Akazunguka mbele, akafungua boneti, na wanaume wote wakaja wakaizunguka injini nzima isiyo na ugonjwa wowote, wakatikisa vichwa. Mmoja akasema hizi za zamani ndivyo zilivyo. Mwingine akasema labda mafuta yana maji. Mume wangu akateremka, akashika ukingo wa boneti, akasema nendeni, msiwaweke wakwe, nitalitengeneza niwafuate. Kaka yake mkubwa akasema atabaki naye.

Binti hakuwa anateremka. Ilibidi nimshike mkono, na vidole vyake ilibidi nivitoe kimoja kimoja kwenye kiti.

Alikaa mbele kwenye lori, upande wa lile dirisha tupu, na mimi katikati. Tukala vumbi mpaka Tingi, tukala vumbi kuteremka mlima. Kwenye kila kona mimi nilikuwa nashika dashibodi, na nilikuwa naangalia kule chini, mawe, miti midogo midogo, nikawa narudia moyoni asante, asante, sijui namshukuru nani. Ziwa likatokea, dereva akasema lile pale. Binti hakugeuka. Nilijua ni desturi, bibi harusi haongei.

Lipingo walikuwa wametandika kanga toka barabarani mpaka nyumbani. Wanawake wakaja mbio na vigelegele na karai la maji, na walipomwona wakaangua kicheko, maana gauni lilikuwa rangi ya tofali. Mama mkwe wake akasema jamani, mmetuletea udongo. Akaufunua mtandio amfute uso. Lilikuwa vumbi tupu, na michirizi miwili ya machozi kutoka machoni mpaka kidevuni.

Binti hakumtazama mama mkwe. Akanitazama mimi.

"Ningemfikisha, mama," akasema.

Wale wanawake hawakuelewa. Mmoja aliniuliza kasemaje, nikasema kachoka. Wakamshika mikono huku na huku, wakampeleka kuoga.